Nyuzi Tano za Tarehe Thelathini na Moja

Ulitazama pembeni. Usikatae. Siku ile uliposimama kwenye dirisha la dawa, ukapewa kasha lako, uliligeuza ukatafuta tarehe iliyopigwa chapa ubavuni, ukaona ni ya mwaka ujao, ukashukuru, ukaenda zako. Hukuuliza kasha hilo lililala wapi kabla ya kufika mkononi mwako. Hukuuliza lilikaa chini ya bati gani, kwa joto gani, miezi mingapi. Uliona tarehe, ukaona yamekwisha. Basi leo kaa chini. Habari hii si ya kusikilizwa na mtu aliyesimama, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Palikuwa na mtunza bohari wa kituo kimoja cha afya, mwanamume wa miaka hamsini na minane, aliyeitwa Bwana Tarehe. Jina hilo hakuliokota njiani. Kwa miaka ishirini na sita alikaa katika chumba kile cha matofali chenye paa la bati na matundu mawili ya hewa, akipanga makatoni kwa sheria moja: lililo karibu kuisha muda likae mbele, lenye muda mrefu likae nyuma. Kila katoni aliliandika mwezi na mwaka kwa kalamu nene nyekundu, tarakimu kubwa kubwa, hata asiye na miwani angezisoma akiwa uani. Mwezi ukigeuka, asubuhi yake huyo na pipa lake nyuma ya chumba cha kufulia, anachoma vilivyopita muda. Watu wako foleni wanaambiwa dawa ya presha hakuna, na moshi wa dawa ya presha iliyopita muda siku moja tu unawapitia puani. Wakimlalamikia, anajibu, "Tarehe ni tarehe. Nikikupa ukafa, utanisamehe?"

Mwaka mmoja alikuja mfamasia mzee kutoka makao makuu, akakaa naye nusu siku. Akamwambia hivi: "Tarehe ni ahadi ya kiwanda. Kiwanda kinasema, niweke nilivyokuambia, na mpaka siku hii nitakuwa na nguvu zangu. Siku hiyo ikipita, hakuna aliyekuahidi kitu. Vidonge vikavu pengine bado vina nguvu, lakini si kazi yako wala yangu kubahatisha kwa mwili wa mtu. Sasa sikia na upande wa pili. Ukivunja sharti la kuweka, ukaiacha dawa kwenye joto, ahadi imekufa hata kama tarehe bado ni mbichi."

Bwana Tarehe alitoa daftari akaandika. Lakini aliandika nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ilisemwa wakati chai inaletwa, naye alikuwa anatafuta pa kuweka vikombe.

Kazi ya bohari ni kazi ya mtu mmoja. Daktari ana wagonjwa wanaomshukuru, hata dereva ana abiria. Mtunza bohari ana makatoni. Watu humjia mlangoni na karatasi mkononi, wanataka, wanapewa, wanaondoka, na wengi wao hawajui hata kama ana miguu, kwa sababu wamemwona kifua na kichwa tu juu ya meza. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Binti yake aliolewa mbali, hupiga simu Jumapili. "Baba, umekula?" "Nimekula, mwanangu." Alikuwa hajala. Chumba chake kilikuwa ng'ambo ya ua wa kituo. Viti vilikuwa viwili, na kimoja alikitundikia nguo, kwa kuwa hakuna aliyekuja kukikalia.

Mtu mmoja tu aliingia bohari bila kuhitaji dawa: mkunga mkubwa wa wodi ya wazazi, mwanamke mnene wa sauti kali aliyezalisha nusu ya mji ule na kuitukana nusu nyingine. Saa nne akipata nafasi huja na chupa ya chai, anakaa juu ya katoni la maji ya dripu, anavua viatu.

"Kaka, hebu simama nikuangalie."

"Kuna nini, dada?"

"Natafuta ulipoandikwa. Kila kitu humu ndani kina tarehe isipokuwa wewe. Au imepigwa chapa kitakoni?"

"Ilikuwapo. Imefutika kwa kukaa sana."

"Basi nakuchoma! Sheria si yako mwenyewe? Kisichosomeka tarehe kinakwenda pipani!"

Wakicheka, kicheko chao kinapita kwenye matundu ya hewa mpaka kwenye foleni, na walio kwenye foleni wanajua kwamba leo Bwana Tarehe yu hai.

Kwenye kona ya bohari palikuwa na friji dogo jeupe lenye kutu miguuni. Humo vilikaa vichupa vya sindano ya wazazi, ile anayochomwa mama punde mtoto akitoka, ili mji wa mimba ukaze na damu isimame. Kasha lake limeandikwa wazi: viwe kati ya nyuzi mbili na nane za joto. Mlangoni pa friji ilibandikwa karatasi ya joto yenye mistari thelathini na moja, na safu mbili za asubuhi na jioni. Ni kazi ya dakika moja. Fungua, soma kipimajoto, andika, funga.

Ilivyofanywa ni hivi. Tarehe mosi ya kila mwezi Bwana Tarehe alikaa na kalamu yake akaijaza karatasi yote, toka juu mpaka chini, akatia saini yake. Tano, tano, sita, tano. Hapa na pale alitia nne, ili isionekane ya kutunga. Mganga mkuu wa kituo alitia saini bila kuvaa miwani. Mkaguzi alipita kila miezi mitatu, akatia saini na muhuri, akasifu mwandiko.

Usimwite mwovu upesi hivyo. Miaka kumi ya mwanzo alisoma kweli, asubuhi na jioni, hata sikukuu. Na kila aliposoma ilikuwa tano. Mtu akiandika tano mara elfu saba, mkono unalijua jibu kabla ya jicho. Halafu aliandika barua mbili kwamba friji limechoka, moja mwaka ule paa la wodi ya watoto lilipong'olewa na upepo, nyingine mwaka uliofuata. Zote mbili zilirudi na neno moja: imepokelewa. Waliozipokea walipandishwa vyeo. Hao nao usiwasahau wakati unamnyooshea kidole mwenye kalamu.

Ikaja Jumanne moja ya msimu wa joto, bati linalia kwa jua. Saa nne asubuhi mama mmoja alijifungua mtoto wake wa tatu, msichana, akalia vizuri. Mkunga akamchoma mama sindano. Damu ikaja, ikazidi kuja. Akamchoma ya pili. Akakanda tumbo mpaka mikono ikafa ganzi, akafunga dripu, akapiga kelele gari la wagonjwa liwashwe. Gari lilikuwa limempeleka mganga mkuu mkutanoni. Saa sita kasoro robo mama akakata roho, na mtoto analia chumba cha pili akitaka ziwa.

Mama mkwe wa marehemu alisimama katikati ya ua akasema mbele ya watu wote, "Mwanangu ameuawa na yule mnene!" Neno hilo lilizunguka mji kabla ya alasiri. Kesho yake mkunga akapewa barua: akae nyumbani mpaka kamati ya uchunguzi ikutane.

Alipita bohari kuaga. Hakuja na chai, na viatu hakuvua.

"Kaka, mikono yangu imezeeka," alisema. "Nilikanda, nikakanda. Zamani nilikuwa nikilishika tumbo linanisikia. Jana halikunisikia."

"Usiseme hivyo, dada."

"Niseme vipi? Nilipiga sindano mbili." Akamtazama. "Hebu niambie. Dawa ilikuwa nzima?"

Bwana Tarehe hakusita hata kidogo. "Ile? Bado mwaka mzima na miezi miwili. Mbichi kabisa."

Mkunga akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyefungiwa mlango wa mwisho. "Basi ni mimi," akasema, akatoka.

Alipoondoka, Bwana Tarehe alitaka kuhakikisha, si kwa mashaka bali kwa ubishi. Alitaka aione ile tarehe kwa macho, ili kesho akiulizwa aitaje bila kukosea. Akafungua friji. Taa ikawaka. Mtambo ulikuwa unanguruma kama siku zote, na mngurumo huo ndio uliomdanganya miezi yote, maana anaposikia friji linasema, hana haja ya kuliuliza. Akachukua kasha. Tarehe ilikuwa pale pale, safi. Lakini kasha lilikuwa vuguvugu kama yai lililotoka kuatamiwa.

Kipimajoto kilikuwa kimeanguka nyuma ya rafu. Akakivuta kwa vidole viwili, akakipeleka mlangoni penye mwanga. Thelathini na nne.

Kisha akafanya ambalo angefanya mtunza bohari yeyote: akaiendea karatasi, atazame ni tangu lini. Ndiyo kazi ya karatasi ile, kusema friji lilikufa siku gani, ili ijulikane vichupa vipi vimeharibika na vipi vimesalimika. Tano, tano, sita, tano. Akafungua faili la mwezi uliopita. Tano, sita, tano. Wa nyuma yake. Tano. Akashuka kwa kidole mstari kwa mstari mpaka chini kabisa, na kidole kikakwama.

Mwezi ule ulikuwa wa siku thelathini. Na karatasi ilisema kwamba tarehe thelathini na moja, asubuhi nyuzi tano, jioni nyuzi tano.

Friji lake lilikuwa limepoa vizuri siku ambayo Mungu hakuiumba. Mganga mkuu alikuwa ameitia saini siku hiyo. Mkaguzi alikuwa ameigongea muhuri. Bwana Tarehe akakaa juu ya katoni la maji ya dripu, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kitu kingine. Akakaa hivyo, peke yake, mpaka mtu akagonga meza nje akiita, "Jamani, dawa hatupewi leo?"

Jioni alimfuata mganga mkuu ofisini, kipimajoto mkononi. Mganga mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafunga mlango, akarudi.

"Mzee wangu, kamati itauliza nini?"

"Itauliza dawa."

"Itauliza kama dawa ilikuwa imepita muda. Imepita?"

"Haijapita, lakini..."

"Lakini hiyo umeiweka wewe. Friji nitaita fundi. Wewe umebakiza miaka miwili ustaafu. Unataka nini?"

"Na yule mkunga?"

"Atapewa onyo, atahamishiwa kwingine. Wanawake wanakufa wakizaa, mzee. Hatukuanza sisi."

Haya, msomaji, lishike neno hilo. Limesemwa mbele yako pia, mazishini, nawe uliitikia "kazi ya Mungu" ukaomba maji ya kunawa.

Asubuhi iliyofuata mkunga wa zamu, binti aliyeazimwa kutoka kituo kingine, alikuja na karatasi ya kuomba vichupa kumi.

"Sitoi," Bwana Tarehe akasema.

"Hutoi nini, baba? Nina wazazi watatu kule."

"Hivi vimekufa. Nikikupa, nimekupa maji." Akampa badala yake vichupa kumi na viwili vilivyokuwa katika sanduku la barafu. Tangu alfajiri alikuwa ameendesha baiskeli hadi kituo cha jirani, akaviazima kwa kusihi. Vilipokwisha, vingine havikupatikana, na akina mama wakaanza kupelekwa hospitali ya mbali, kwenye barabara ya mashimo, wakiugulia njiani. Kwa nani lawama? Kwake. Wauguzi wakaacha kumsalimu. Mfagiaji akafagia mpaka kizingiti cha bohari, akageuza ufagio. "Mzee amerukwa na akili," walisema. "Dawa ina tarehe, yeye anaifungia!" Wimbo wa tarehe ni yeye aliyewafundisha, sasa wanamwimbia mwenyewe. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Wiki tatu zilipita namna hiyo. Alikuwa akifungua asubuhi, akifunga alasiri, na kati yake pengine hakutamka maneno ishirini. Mara tatu kwa siku alifungua lile friji bovu, akasoma kipimajoto, akaandika ukweli kwenye karatasi mpya: thelathini na tatu, thelathini na tano, thelathini na sita. Hakuna aliyemwagiza. Jumapili binti yake alipopiga, alitaka kumwambia, akasikia wajukuu wanapiga kelele nyuma ya sauti yake, akasema, "Nimekula, mwanangu."

Siku moja alikwenda kwa mkunga. Alifika mpaka getini. Alimwona amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake, kanga begani, ameiweka mikono magotini viganja juu, anaitazama kama anasoma kitu. Bwana Tarehe alikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Akageuka akarudi alikotoka, na njiani akajiambia kwamba ni vizuri mambo yasemwe mbele ya kamati, kwa utaratibu. Watu wa bohari wana neno utaratibu kwa kila kitu, hata kwa woga.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, walikaa kwenye chumba cha mikutano chini ya pangaboi. Mkunga alikaa kiti cha pembeni, amepungua mwili. Mganga mkuu alikaa karibu na mlango. Wakamwita mtunza bohari.

"Sindano iliyotumika ilikuwa imepita muda wake?" mwenyekiti akauliza.

"Haijapita. Imebaki mwaka na mwezi mmoja."

"Ahsante. Tuendelee."

"Hamjamaliza," Bwana Tarehe akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua, kwa kuwa hakuwa ameitumia siku nyingi. "Mmeniuliza habari za kasha. Sasa niulizeni habari za friji."

Mganga mkuu akakohoa. Mwenyekiti akatazama saa. Bwana Tarehe akaweka mezani kipimajoto, akaweka karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Someni mwezi. Kisha someni tarehe."

Mjumbe mmoja akasoma, akahesabu kwa vifundo vya ngumi, akaisukuma karatasi kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akasema, "Hili ni kosa la kalamu tu, mzee. Hutokea."

"Kosa la kalamu ni tone la wino. Huu ni uongo wa miaka kumi na sita, nimeuandika mimi. Nilikuwa naujaza mwezi mzima kwa siku moja. Friji lilikufa, sijui lini. Hakuna anayejua lini, kwa sababu anayetakiwa kujua ni karatasi hii. Labda wiki, labda miezi mitatu. Akina mama waliochomwa humo kati siwezi kuwahesabu. Siwezi kuapa kwamba sindano nzima ingemwokoa yule. Lakini huyu dada alipigana na damu bila silaha, na aliyempa bunduki tupu ni mimi. Na sahihi ziko tatu hapo chini. Zisomeni zote."

Mkunga hakuinua kichwa.

Walimaliza kabla ya adhuhuri. Mkunga akarudishiwa kazi kwa barua ya mistari minne isiyo na neno pole. Bwana Tarehe akasimamishwa siku ile ile. Vichupa vikafungwa kwenye mfuko, vikapelekwa kupimwa, na majibu yake hayajarudi mpaka leo. Mganga mkuu yuko pale pale. Mkaguzi naye yuko, na muhuri wake.

Bwana Tarehe alimngoja mkunga chini ya ukuta, penye kivuli chembamba cha adhuhuri. Alipotoka, alisimama mbele yake kwa umbali ambao watu wawili wasiojuana husimama.

"Dada, nilikuwa sijui. Wallahi siku ile uliponiuliza nilikuwa sijui."

"Ulikuwa hujui friji," mkunga akasema. "Ulijua kwamba hujaangalia."

Mkunga akainua mikono yake, viganja juu.

"Wiki tatu nimeitazama mikono hii. Nimeichukia. Nilikuwa nashindwa hata kumbeba mjukuu wangu, nikifikiri nitamdhuru. Wewe ulikuja mpaka getini. Nilikuona, kaka. Nilikuona unageuka."

"Niliogopa."

"Najua." Akavuta kanga yake vizuri. "Umeniokoa, sikatai. Lakini chai siwezi kunywa nawe tena."

Akaondoka kuelekea wodini, kwa kuwa mle ndani kulikuwa na mama anayesukuma. Bwana Tarehe alikwenda chumbani kwake, akatoa nguo kwenye kile kiti cha pili, akazikunja, akakaa akakitazama. Siku zilivyokwenda hakuna aliyebisha hodi. Mlangoni pa bohari kuna mtu mpya, kijana mwepesi mwenye mwandiko mzuri. Friji ni jipya. Karatasi ya joto ni ile ile ya zamani, na mfagiaji anasema tarehe mosi huonekana kijana amekaa nayo kwa muda, kalamu mkononi.

Kwa hiyo nyanyuka. Usiseme utaandika barua, barua zimeshapokelewa. Kituo chako cha afya unakijua kilipo. Nenda, simama kwenye dirisha lile lile, na usiulize tarehe. Sema unataka friji lifunguliwe na kipimajoto kisomwe kwa sauti, wewe ukisikia. Sema unataka kuiona karatasi. Wakikwambia si kazi yako, kaa chini hapo hapo, umwite na aliye nyuma yako kwenye foleni akae. Wakikuonyesha, na leo ni tarehe kumi na mbili, na mistari imejaa mpaka mwisho, ibandue mlangoni pa friji, isomee foleni nzima majina ya waliotia saini.

Usingoje kesho. Dirisha linafungwa saa tisa. Nenda.